Sista Bertha na Matunda Tuliyoyaogopa

Tarehe 30 Juni mwaka huu wa 2025, Sista Bertha Yona Shehiza, muuguzi wetu wa kliniki ya kisukari, anastaafu baada ya kuhudumia wagonjwa kwa miaka thelathini na saba. Miaka ishirini na moja kati ya hiyo ameitumia hapa hapa kwetu Mwera. Jina lake la ukoo wengi watalisikia leo kwa mara ya kwanza, maana kuanzia Pangani mjini mpaka mashambani ndani kabisa, mtu akisema "Sista" bila kuongeza neno, anajulikana anayesemwa.

Dk. Hisham, mganga wetu mfawidhi, amesema mambo ya vyeti na takwimu atayasoma yeye kwenye hotuba ya kumuaga. Mimi Mwanasiti, mhudumu wa kituo, ninayefagia na kuchemsha chai ya saa nne, kaniambia niandike Sista alivyokuwa. "Andika vile vile unavyosema jikoni," kasema. Haya, ndivyo nilivyoandika.

Sista Bertha alizaliwa kwenye kambi ya shamba la mkonge, upande wa Muheza. Baba yake, marehemu Mzee Yona, aliteremka kutoka Lushoto kuja kukata mkonge, akaishia kuwa mtu wa korona, ile mashine inayokwangua majani yakatoka nyuzi. Mama yake aliongoza kwaya ya Kilutheri pale kambini. Sauti ile inayomwita mgonjwa kutoka dirishani, na mgonjwa akaisikia yuko bado barabarani anashuka kwenye bodaboda, imetoka kwenye kwaya hiyo.

Alipomaliza masomo ya uuguzi, mwaka 1988, alipangiwa zahanati ya Mkwaja. Mtoto wa mkonge kapelekwa baharini! Mama wa kwanza aliyemzalisha huko alimletea zawadi ya shukrani, pweza kwenye ndoo, na pweza mwenyewe yu hai. Sista akashukuru, akaiweka ndoo pembeni, akaendelea kupima watoto uzito. Pweza akatoka. Wanaosimulia wanasema Sista alipanda juu ya meza ya dawa na viatu vyake, huku akina mama wameshika mbavu, na mmoja wao ndiye aliyemkamata yule pweza akamrudisha ndooni kama anayemrudisha kuku bandani. Mpaka leo Sista hali pweza. Nikitaka atoke jikoni kwangu aache kukagua sufuria, namtajia pweza tu.

Kutoka Mkwaja alihamishiwa Ushongo, na huko akajifunza kuendesha pikipiki ili chanjo ziwafikie watoto wa vitongojini. Mchanga wa kule mnaujua. Siku moja aliteleza, na kabla hajajishika mwenyewe akawa ameshalikumbatia sanduku la chanjo. Goti lake la kushoto lina alama hadi leo. Chanjo zilifika zikiwa na ubaridi wake.

Hapa Mwera alifika mwaka 2004, akaanzia wodi ya wazazi. Humu ukumbini leo wamo vijana wenye ndevu aliowapiga yeye lile kofi lao la kwanza duniani. Baadaye wagonjwa wa sukari walipoanza kuwa wengi, akapewa kliniki ya Alhamisi, na ndiyo anayoiacha sasa. Hapo naomba nikae kidogo, kwa sababu kwenye kliniki hiyo Sista alinirudishia mwanangu, Harusi. Wanaonijua wanajua mimi ni mama wa namna gani: mtoto akikohoa tu, mie nimeshavaa baibui naelekea kwa daktari.

Harusi alishikwa na sukari akiwa na miaka kumi na mitatu. Alikuwa anakunywa maji kama anayezima moto, anakonda nguo zinamvuka, sisi tukadhani minyoo, halafu tukadhani kijicho cha watu. Siku alipoishiwa nguvu kabisa tukamkimbiza Tanga, huko wakatuambia ni kisukari, kile cha kuchoma sindano ya insulini kila siku, maisha yake yote. Tuliporudi na mtoto na sindano zake, nyumba ilijaa watu wa kutupa pole, na kila mmoja alikuja na marufuku yake. Embe asiguse. Ndizi mbivu asiguse. Chungwa alione kwa mbali. Fenesi ndiyo sumu kabisa, hata harufu yake asipite karibu. Shangazi yake, Bi Azza, dada wa mume wangu, alifunga mizigo Pangani mjini akaja kukaa kwetu ili ahakikishe marufuku hizo zinafuatwa. Yeye mwenyewe alikuwa hajaonja hata chenza miaka mingi, kwa tahadhari tu, na alikuwa anajisifia jambo hilo.

Sasa, wenzangu, fikirini tunakaa wapi. Mume wangu Hashil ni mtu wa shamba kama walivyokuwa babu zake, waliotoka Omani wakapanda miti hapa. Mtoto akifungua mlango wa mbele anakutana na michungwa na michenza, akifungua wa nyuma kuna mifenesi imezaa mpaka chini kwenye shina, na mpapai umeinamia choo. Alikatazwa vyote hivyo. Badala yake tukamjazia sahani: mihogo ya nazi asubuhi, ubwabwa mchana, mkate wa boflo na chai kavu isiyotiwa sukari jioni, ale ashibe, maskini, maana amenyimwa mengi. Humo ndani sote tulikuwa tunaipima sukari kwa ulimi. Kisicho tamu hakina sukari. Huo ndio ulikuwa uganga wa nyumba nzima.

Sukari haikutulia. Ilipopanda, Bi Azza akasema mtoto anaiba matunda. Na kweli alikuwa anaiba. Maganda ya machungwa tuliyakuta nyuma ya choo, mbegu za fenesi chini ya godoro. Anakula kwa kujificha na hamwambii mtu, sindano inapigiwa hesabu ya chakula tulichokiona sisi, kumbe tumboni kuna kingine. Leo iko juu, kesho imeshuka, anatetemeka darasani mpaka kalamu inamdondoka. Ikipanda anapigiwa kelele, ikishuka anapigiwa kelele. Jumatano moja asubuhi nikamwandalia sindano yake, akauvuta mkono.

"Sitaki."

"Mwanangu, hii ndiyo inayokuweka hai."

"Hai ya nini, mama? Hai ya kula mihogo?"

Akajifunika shuka gubigubi.

Asiyejua aelewe. Mtoto mwenye sukari ya aina hii asipochoma insulini hawezi kuishi, na haichukui muda. Tulimbembeleza, tukamwahidi, tukamtisha. Mwishowe alichomwa huku baba yake kamshika mikono miwili, na alipomwachia, Hashil alitoka nje akakaa kwenye rundo la makumbi ya nazi analia. Mtu mzima. Tukajua tukimshika leo, kesho atatushinda, na keshokutwa pia.

Hashil alipofuta machozi akapata lake la kufanya. Alinoa shoka. Akasema kama matunda ndiyo yanayomtesa binti yake, basi atayatoa shambani mti kwa mti, hata kama ndiyo yanayotulisha, abaki na minazi peke yake. Lakini mume wangu ni mtu wa haki jamani, hakutaka kuangusha mti usio na kosa. Alhamisi asubuhi akapita shamba zima, akachuma katika kila mti, akajaza kapu. Akampakia Harusi na Bi Azza kwenye bajaji, kapu katikati, wakaja hapa kliniki. Mimi nilikuwa zamu, nafagia baraza. Nilipoliona lile kapu, ufagio ulinitoka mkononi.

"Sista, shikamoo. Nimekuletea washitakiwa."

"Marahaba, Hashil. Wamefanya nini?"

"Wananiulia mtoto. Nitajie mwenye kosa, kesho namng'oa na mizizi yake."

Wagonjwa kwenye mabenchi wakaangua kicheko. Mzee Badru, fundi seremala mnayemjua, aliyekuwa na sukari tangu zamani, akapaza sauti: "Anza na fenesi, Sista! Hilo hata mimi limenitenga na wenzangu!" Sista hakucheka. Alikuwa anamtazama Harusi, aliyekaa mwisho wa benchi, ushungi umemfunika mpaka nyusi.

Akaniita nimletee sinia kubwa la chai, nilioshe. Akanawa mikono, akachukua kisu, akaanza kukata matunda ya Hashil mbele ya watu wote. Chungwa moja, lenyewe. Kipande cha embe kisichozidi kiganja cha mtu. Vipande vichache vya fenesi vilivyotolewa mbegu. Papai kidogo. Chenza mbili ndogo. Akavipanga kwenye sinia kama anayeandaa mkeka wa wageni.

"Leo tunahukumu," akasema. "Lakini mtu hahukumiwi kwa maneno ya jirani. Kila mmoja atachomwa kidole kabla, atakula kidogo, atakaa, atachomwa tena. Kipimo ndicho kitakachosema." Kisha akamgeukia Harusi. "Mwanangu, wewe ndiye mwenye kesi. Chagua unaloliogopa kuliko yote."

Harusi akamtazama baba yake. Akamtazama shangazi yake. Akanyoosha kidole kwenye fenesi.

"Mtamuua!" Bi Azza akasimama.

"Kaa, Bi Azza. Kwangu haliliwi tunda la bure." Sista akachuchumaa mbele ya mtoto, kwa lile goti lake bovu. "Fenesi lina sukari, sikufichi. Basi nalo lina sindano yake, kama ubwabwa unavyokuwa na sindano yake. Unalitaka, choma kwanza. Hutaki kuchoma, nampa Mzee Badru, na unamwona macho yake."

"Nipe hata sasa hivi," akasema Mzee Badru, anasogea.

Ndipo nilipomwona mwanangu anacheka, kwa pembe ya mdomo tu, lakini alicheka. Akatoa kidole, akapimwa. Sista akamvutia dawa kwa kiasi chake, akamwekea sindano mkononi, wala hakumshika. Harusi akageukia ukutani, akapandisha gauni kidogo upande, akajichoma mwenyewe. Halafu akakaa, akala fenesi lake kipande kwa kipande, analamba vidole mbele ya baba yake. Hashil akaenda kusimama dirishani, akatazama nje kama kuna gari analisubiri.

Tulikaa kusubiri kipimo cha pili. Kila mgonjwa alikula chake kutoka kwenye sinia, isipokuwa Mzee Badru. Yeye alikuja na chupa yake ya juisi ya machungwa, akainywa yote kwa raha, akisema hana kosa kwa kuwa mkewe hakutia hata kijiko cha sukari. Na Sista, ili watu wasichoke, akamwambia Bi Azza naye atoe kidole.

"Mie? Mie sijala kitamu miaka. Utapima nini kwangu?"

"Tupime huo utakatifu wako."

Majibu yalipokuja, sukari ya Harusi ilikuwa imepanda kidogo na kutulia pale pale Sista alipotaka. Waliokula chungwa zima na papai vile vile. Ya Mzee Badru ilikuwa juu sana, akabaki anaitazama ile chupa tupu kama imemsaliti. Na ya Bi Azza ilikuwa juu kuliko ya wote waliokuwa mle ndani.

"Mashine yenu mbovu hiyo," akasema Bi Azza.

Ikarudiwa. Ikawa ile ile.

"Umekunywa chai na nini leo, Bi Azza?"

"Chai kavu."

"Na nini?"

"Boflo."

"Ngapi?"

Bi Azza akatazama dari. Watu walicheka mpaka mama mmoja akalazimika kutoka nje, lakini Sista alimshika Bi Azza mkono taratibu akamwambia arudi kesho yake na njaa apimwe vizuri. Alirudi, na ikathibitika ana sukari, bila shaka tangu siku nyingi, na hakuna aliyekuwa akijua. Leo ndiye mwanachama wetu mwaminifu kuliko wote wa Alhamisi, na chenza anakula.

Mwisho wa kliniki siku ile Sista aliinua chungwa moja mbele ya mume wangu, akatoa hukumu. Naiandika kama nilivyoisikia, maana nimeisikia tena mara nyingi tangu hapo na sijachoka nayo. "Tunda lina sukari yake, asiwadanganye mtu. Ila limekuja na nyuzi zake, linaingia mwilini polepole, na mtu akila moja ameshatosheka. Mzee Badru kakamua machungwa sita, nyuzi katupa, sukari ya yote sita kaimeza kwa mkupuo mmoja. Nani hapa anakaa kula machungwa sita? Na mihogo, na ubwabwa, na boflo, ulimi hauoni kitu, lakini vikifika tumboni vyote ni sukari. Mnamnyima mtoto kipande cha embe, halafu mnampa mlima wa wali! Hashil, rudisha shoka lako. Hakuna mti wa kukata. Kuna sahani ya kupunguza."

Akaongeza lile ambalo mimi nililishika kuliko yote: juisi na maji matamu ni ya mtu anayetetemeka, ambaye sukari imeshuka. Huyo apewe haraka, asiulizwe maswali.

Hashil alilibeba kapu lake akaligawa lote kwenye mabenchi, akarudi nyumbani mikono mitupu. Siku zilizofuata Harusi alikula tunda lake mezani mbele yetu, akalitaja, akalipigia sindano yake. Kujificha kukaisha kwa sababu hakukuwa na cha kujificha. Siwaambii kwamba sukari yake haikupanda tena, ilipanda na kushuka kama ilivyo kawaida ya ugonjwa huu. Lakini mkono hakuuvuta tena.

Hiyo ndiyo asili ya sinia la Alhamisi, ambalo wageni kutoka wilayani huwa wanashangaa kulikuta juu ya meza ya muuguzi. Tangu siku ile kila mgonjwa mpya huambiwa aje na tunda analoliogopa. Wamekuja na mastafeli, mananasi, zabibu za dukani, ndizi za kila aina, na bwana mmoja alikuja na muwa mrefu kuliko mlango. Sista huwapima wote kwa uvumilivu ule ule, na humwambia kila mtu kwamba mwili wa jirani si wake. Mwenye matatizo ya figo humpeleka kwa daktari kwanza, hakisii.

Mambo hayakwenda sawa kila siku. Yuko jamaa mmoja, jina namfichia kwa kuwa yumo humu, aliyerudi kwao akatangaza "Sista karuhusu fenesi," akakaa na nusu ya fenesi zima peke yake. Sista alipopata habari alikwenda mwenyewe kwa miguu. Majirani walimsikia: "Nilisema vipande! Sikusema mti!" Ile ndiyo sauti ya kwaya niliyowaambia.

Mwezi wa Ramadhani Sista hukataa kula mbele yetu tunaofunga, hata chai hujificha kuinywa, Mlutheri wa watu. Magharibi ikikaribia hupita nyumba za wagonjwa wake kutazama futari, mpaka watoto wakamwita mkaguzi. Mzee Badru alikuwa ameacha kufuturu kwa tende, na jambo hilo lilimnyong'onyeza kuliko ugonjwa wenyewe. Sista akamwambia tende moja, maji, aende akaswali, akirudi ale chakula cha kiasi, na zile kaimati za shira azisahau.

"Sista, wewe Mlutheri ndiye unayenirudishia sunna yangu?"

"Mimi ya sunna siyajui, Mzee Badru. Mimi najua tende."

Naye anasimulia hilo msikitini hadi leo.

Adui yake mkubwa ni simu. Zile sauti za WhatsApp zinazosambazwa, "matunda saba ambayo mgonjwa wa sukari asiyaguse," zikimfikia huwa anamtafuta aliyezituma kwanza. Aliwahi kumpigia simu mtu wa Dar es Salaam asiyemjua kabisa, akamhoji embe limemkosea nini, na mtu yule akaishia kuomba ushauri kuhusu mama yake mzazi.

Kasoro zake tuziseme pia, tusije tukaonekana tunasifu kwa sababu ya pilau. Ni mbishi. Anapanga upya makabati yasiyo yake. Na aliwahi kunipokonya sukari ya chai ya wafanyakazi, akaifungia kwenye kabati la dawa, ikawa vita. Watu walikuja kazini na sukari mifukoni. Dk. Hisham mwenyewe alikuwa na yake kwenye droo, na Sista aliigundua kwa kufuata sisimizi. Siku hizi tunakunywa chai na kijiko kimoja, na nakiri kwa niaba ya wote kwamba tumeshazoea.

Amefundisha wauguzi vijana wengi. Anayepokea kliniki sasa ni Nesi Lea, aliyekaa naye meza moja mwaka mzima na anayejua kukata fenesi bila kujipaka ulimbo. Sista anakwenda kwao Lushoto, kwa kaka yake Manase, kulima maplamu kwenye baridi. Watoto wake wako mbali na wamefurahi kwamba hatimaye atalala mchana.

Mimi sikufurahi, niseme kweli. Harusi sasa ana miaka ishirini, anasoma chuo cha ualimu Tanga mjini, anakaa hosteli na wasichana wasiojua sukari wala sindano. Niliposikia Sista anaondoka, hofu yote ya zamani ikanirudia. Nilimkuta anakunja mashuka nikamwambia waziwazi, "Sista, mwanangu unaniachia na nani?" Akanipa ncha mbili za shuka nishike, tukakunja.

Halafu wiki iliyopita Harusi alinipigia simu. Alitaka nimtumie kanga zake mbili na viatu vya wazi. Tukaongea ya kanga, tukaongea ya viatu, na katikati ya maneno akasema jana alitetemeka kidogo kwenye mazoezi ya kufundisha, akatoka akanywa glasi ya juisi ya miwa pale getini, akakaa, akajipima, akala chakula, akarudi kumalizia kipindi chake. Juisi ya miwa! "Mbona hukunipigia? Mbona hukumpigia Sista?" Akaniuliza kama ambaye hakuelewa swali. "Nimpigie niseme nini, mama? Viatu usisahau, vile vyeusi."

Nilikwenda kliniki mbio kumshitakia Sista. Nikamweleza yote, nimeshika kifua. Alinisikiliza mpaka mwisho, akavua miwani, akaifuta kwa pindo la sare yake muda mrefu kuliko ilivyochafuka.

"Mama Harusi," akasema, "basi mimi nimestaafu tangu siku hiyo. Hii tarehe thelathini ni ya serikali."

Kwa niaba ya wafanyakazi wote, wagonjwa wa Alhamisi na wazazi wao, tunasema asante, Sista Bertha. Asante kwa goti, kwa sauti, kwa miguu iliyofika majumbani kwetu bila kuitwa. Mungu akujalie afya na usingizi wa mchana, maplamu yako yazae, Manase akuvumilie. Hashil anakusalimu na kapu lake liko mlangoni, usiondoke bila kulichukua. Bi Azza anakusalimu. Harusi anakwambia shikamoo, kasema atakuja milimani likizo kukusaidia kuchuma. Habari za sukari hakunipa, na safari hii mie sikumuuliza.